Mgawanyiko wa IndyCar: nani alikosea, na je, unaweza kurudi?

Swali: Msomaji mmoja, shabiki wa Formula One aliyeanza hivi karibuni kufuatilia IndyCar, ligi ya mbio za magari ya Marekani, anasema kila mara huwasikia watangazaji wakitaja “mgawanyiko” kana kwamba kila mtu anaujua. Anauliza ulikuwa nini, nani hasa alikosea, na kama jambo la namna ile linaweza kutokea tena sasa ambapo Roger Penske anamiliki ligi, uwanja wa Indianapolis na timu inayoshindana humo humo.

Ndugu msomaji, nitakupa jibu kwanza, kisha nieleze. Pande zote mbili zilikosea, ila hazikukosea sawasawa. Wamiliki wa timu walijitwalia madaraka ambayo washindani hawapaswi kuwa nayo, na Tony George, aliyeongoza uwanja, alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hatua aliyoichagua ndiyo iliyouvunja mchezo vipande viwili, yaani ligi mbili pinzani, kwa miaka 12, na hapo lawama kubwa naiweka kwake. Kuhusu kurudi, mgawanyiko wa aina ile siuoni karibu. Hata hivyo, swali lililouzaa, yaani nani awe na kauli ya mwisho, halijapata jibu mpaka leo.

Kwa kuwa umetokea Formula One, kuna jambo moja inabidi ulishike kabla ya yote. Kule hakuna mbio moja iliyo kubwa kuliko ubingwa. Monaco ina heshima yake, lakini dereva anatafuta taji la dunia. Kwa Wamarekani ni kinyume: Indianapolis 500 ni kubwa kuliko ligi yenyewe. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1909, na mbio hizo zimekuwapo tangu 1911: magari 33, mizunguko 200 ya maili mbili na nusu, kila mwisho wa Mei. Dereva aliyeshinda pale mara moja hutambulishwa kwa ushindi huo maisha yake yote, wakati wapo mabingwa wa ligi ambao mtu wa kawaida mtaani hawezi kuwataja. Mwaka 1945, uwanja ukiwa umechakaa kwa kukaa bila mbio wakati wa vita, mfanyabiashara Tony Hulman wa Terre Haute aliununua kutoka kwa Eddie Rickenbacker, rubani shujaa wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa dola 750,000. Tangu hapo, kwa miaka 74, familia moja ilishika mbio ambazo kila timu inaishi kwa ajili yake. Ligi isiyo na Indianapolis haina kitu cha kumuuzia mdhamini. Na Indianapolis isiyo na timu bora ni jukwaa kubwa linalotazama magari ya kubahatisha. Kila upande unamhitaji mwenzake, na kila upande umewahi kujaribu kuishi peke yake.

Waasi wa kwanza walikuwa wamiliki wa timu, si mwenye uwanja. Watu wengi husahau hili wanapozungumzia mgawanyiko. Kuanzia 1956 mbio zilisimamiwa na chama kiitwacho USAC, kilichoundwa baada ya chama cha magari cha AAA kujitoa kufuatia maafa ya mbio za Le Mans, Ufaransa, na kifo cha dereva Bill Vukovich pale Indianapolis, yote yakiwa ya mwaka 1955. USAC walikuwa mahodari wa mbio za vumbi na magari madogo ya mikoani. Kufikia miaka ya 1970, timu za juu zilikuwa zinaendesha injini za turbo zenye gharama kubwa, huku zawadi za mbio nyingine zote nje ya Indianapolis zikiwa ndogo mno. Hulman alifariki Oktoba 1977. Mwanzoni mwa 1978 Dan Gurney, dereva wa zamani aliyekuwa na timu yake, aliwaandikia wamiliki wenzake waraka akiwahimiza waungane kama timu za Formula One zilivyoungana chini ya Bernie Ecclestone, ili wazungumze na waandaaji kwa sauti moja. Tarehe 23 Aprili mwaka huo ndege ndogo iliyokuwa imebeba maofisa wa USAC ilianguka Indiana, na maofisa wanane wakapoteza maisha. Chama kikabaki bila watu wake wazoefu wakati ambapo wamiliki walikuwa wakidai viti kwenye bodi.

USAC walikataa. Penske, Pat Patrick na wamiliki wenzao wakaunda ligi yao, CART, na kuanza mbio zao Phoenix, Machi 1979. USAC nao wakakataa maombi ya timu sita za CART kushiriki Indianapolis ya mwaka huo. Timu zilikwenda mahakamani, hakimu akaamuru ziruhusiwe. Mei ile ilijaa mabishano ya sheria kiasi kwamba magari 35 yalianza badala ya 33, na aliyeshinda alikuwa Rick Mears, dereva wa Penske. Hazikupita siku nyingi, USAC walibaki na Indianapolis peke yake, na CART wakawa na msimu mwingine wote. Mkataba wao ulikuwa wa kuvumiliana tu, lakini ulidumu zaidi ya muongo mmoja, na huo ndio uliokuwa wakati mzuri zaidi wa mchezo huu. Mwaka 1993 bingwa wa dunia Nigel Mansell aliihama Formula One akaenda CART na kuchukua ubingwa palepale. Leo ni vigumu kuwaza jambo kama hilo.

Sasa tuje kwenye kosa la CART. Waliotunga sheria walikuwa wale wale walioshindana chini ya sheria hizo. Mmiliki wa timu alikuwa na kura kwenye bodi, na kila pendekezo la kupunguza gharama lilikuwa linamgusa mtu aliyeketi mezani. Mfano ulio wazi ni injini. Kuanzia 1986 kampuni ya Ilmor ilitengeneza injini ya Chevrolet iliyokuja kushinda karibu kila kitu, na Penske alikuwa mbia wa Ilmor. Kwa muda mrefu injini hiyo ilipewa timu chache tu. Timu ndogo zilipolalamika, zililalamika mbele ya watu waliokuwa tayari nayo. Wakati huohuo mbio za barabara za mijini ziliongezeka, na vijana wa Kimarekani waliolelewa kwenye viwanja vya vumbi walikosa njia ya kupanda. Jeff Gordon alikulia Indiana akishinda mbio za vumbi, lakini nafasi aliipata NASCAR, ligi pinzani ya magari yenye umbo la magari ya kawaida. Agosti 1994 NASCAR walipokimbia Indianapolis kwa mara ya kwanza, mshindi akawa Gordon. Nadhani hakuna matokeo yaliyomuuma mpenzi wa mbio hizi kuliko hayo.

Tony George, mjukuu wa Hulman, alishika urais wa uwanja Januari 1990 akiwa na umri wa miaka 30. Mwaka 1991 aliwapendekezea wamiliki kwamba bodi yao ibadilishwe, iundwe bodi isiyotawaliwa na wenye timu. Hoja yake ilikuwa sahihi, na naisema hivyo nikijua mashabiki wengi wa CART hawataki kuisikia. Wamiliki walimkatalia. Baadaye walimpa kiti kwenye bodi, lakini kiti kisicho na kura. Mwenye mbio zinazowalisha wote anakaribishwa kusikiliza tu! Mapema 1994 alijitoa, na Machi mwaka huo akatangaza kwamba ataanzisha ligi yake, Indy Racing League (IRL), kwa ahadi ya gharama nafuu, mbio za viwanja vya duara na nafasi kwa madereva wa nyumbani.

Mei hiyohiyo ilimpa ushahidi mwingine. Penske na Ilmor walikuwa wamegundua mwanya kwenye kanuni za USAC: injini za muundo wa zamani ziliruhusiwa ujazo mkubwa na msukumo mkubwa zaidi wa turbo. Wakaunda kwa siri injini ya Mercedes kwa ajili ya mbio hizo tu, na Al Unser Jr. akashinda. Kisheria hapakuwa na kosa. Lakini timu ndogo ziliona kwamba mwenye fedha anaweza kujenga injini nzima kwa ajili ya Jumapili moja. Mwaka uliofuata injini ile haikuwa tena na faida hiyo, na Penske, mwenye mshindi mtetezi na bingwa mtetezi, alishindwa kufuzu na magari yake yote. Mchezo huu ulikuwa na uwezo wa kumnyenyekeza hata mkubwa wake, na kwa maoni yangu hilo lilikuwa sababu ya kutosha ya kuendelea kuzungumza.

George hakuzungumza. Alitangaza kwamba kwa Indianapolis ya 1996, nafasi 25 kati ya 33 zitatengwa kwa wanaoongoza pointi za ligi yake, na wengine wote wagombee nane zilizobaki. Hii ndiyo hatua ninayomlaumu kwayo. Kwa miaka mingi Indianapolis ilikuwa na kanuni ambayo hata mtoto aliielewa: walio na kasi zaidi ndio wanaoanza. Yeye aliitumia mbio hiyo kama silaha ya kulazimisha timu zijiunge na ligi yake. CART wakajibu kwa kosa lao: siku ileile, 26 Mei 1996, walifanya mbio zao Michigan wakiziita U.S. 500, wakijitangaza kuwa wao ndio wenye nyota. Nyota hao waligongana kabla mbio hazijaanza rasmi, wakati magari yakielekea kwenye bendera ya kijani, na ilibidi kusimamisha ili timu zitoe magari ya akiba. Jimmy Vasser alishinda. Indianapolis, ambako Scott Brayton aliyekuwa ameshika nafasi ya kwanza ya kuanzia alikuwa amefariki mazoezini, ushindi ulikwenda kwa Buddy Lazier. Pande zote mbili zilitangaza zimefanikiwa, na mtazamaji wa kawaida akahamia NASCAR.

Hata jina liligombaniwa. “IndyCar” ilikuwa alama ya biashara ya uwanja ambayo CART waliitumia kwa mkataba. Kesi yake ilimalizika kwa makubaliano kwamba hakuna upande utakaolitumia hadi mwisho wa 2002. Ukikutana na makala za wakati ule zinazotaja IRL, Champ Car (jina ambalo CART walilitumia baadaye) na IndyCar kana kwamba ni michezo mitatu, chanzo ni hicho.

Ligi ya George haikuanza vizuri. Utaratibu wa nafasi 25 ulizaa aibu Mei 1997, magari yenye kasi yalipobaki nje huku ya polepole yakiwa ndani, ikabidi wanaoanza waongezwe hadi 35, kisha utaratibu ukafutwa. Mwezi uliofuata, Texas, wahesabuji walikosea idadi ya mizunguko na kumtangaza Billy Boat wa timu ya A.J. Foyt kuwa mshindi. Arie Luyendyk alikwenda jukwaa la washindi kulalamika, na Foyt akampiga mbele ya kamera. Siku iliyofuata Luyendyk ndiye aliyethibitishwa kuwa mshindi. USAC wakapoteza kazi ya kusimamia ligi hiyo.

Lakini walioanguka ni CART, na walianguka kwa sababu ileile ya bodi. Machi 1998 waliuza hisa kwenye soko la New York kwa dola 16 moja, na wamiliki wa timu wakawa wanahisa, wapiga kura na washindani kwa wakati mmoja. Kati ya Juni 2000 na Desemba 2001 walipita wakuu wanne: Andrew Craig, Bobby Rahal, Joe Heitzler na Chris Pook. Aprili 2001 mbio za Texas zilifutwa saa mbili kabla ya kuanza, madereva wakiwa wanapata kizunguzungu kwa sababu ya nguvu zinazowakandamiza kwenye kona. Mwaka huohuo ugomvi kuhusu valvu ya kudhibiti turbo uliwakosanisha viongozi na Honda. Wadhamini nao walikuwa wanauliza swali moja tu: mbona hamko Indianapolis? Mmiliki wa timu Chip Ganassi alirudi huko mwaka 2000 na Juan Pablo Montoya akashinda. Penske alirudi 2001 na Hélio Castroneves akashinda. Mwaka 2002 Penske akahamia moja kwa moja, na 2003 Ganassi, Andretti Green, Honda na Toyota wakafuata. CART ikafilisika mwaka huo.

Kabla sijaenda mbele, simama kidogo kwenye 2002, maana inakuhusu wewe unayeuliza kuhusu leo. Mzunguko mmoja kabla ya mwisho, ajali ilitokea na taa ya njano ikawashwa wakati Paul Tracy, aliyekuja na timu ya CART, akimpita Castroneves wa Penske. Nani alikuwa mbele taa ilipowaka? Wasimamizi walisema Castroneves. Tracy alikata rufaa, na aliyeitupilia mbali rufaa hiyo, tarehe 3 Julai, alikuwa Tony George mwenyewe. Inawezekana uamuzi ulikuwa sahihi. Hata hivyo rufaa ya timu ya ligi pinzani iliamuliwa na mwenye uwanja aliye pia mwenye ligi, na ndiyo maana mpaka leo wapo wanaoamini kwamba Tracy alinyang'anywa.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Kevin Kalkhoven, Gerald Forsythe na Paul Gentilozzi walinunua mabaki ya CART na kuyaendesha hadi Februari 2008, pande mbili zilipoungana chini ya George. Mwaka 2009 bodi ya familia, waliomo mama yake na dada zake, ilimwondoa kwenye uongozi. Mwaka 2010 akaja Randy Bernard kutoka mashindano ya kupanda mafahali, mtu mwenye mawazo mapya. Mei 2012 aliandika hadharani kwenye mtandao kwamba kuna mmiliki anayewapigia wenzake simu ili afukuzwe, na Oktoba aliondoka. Novemba 2019 familia ilitangaza kuuza kila kitu kwa Penske, na mauzo yakakamilika Januari 2020.

Penske ni nani kwenye mchezo huu? Timu yake imeshinda Indianapolis 500 mara 20. Injini za Chevrolet zinatoka Ilmor, ambako bado ni mbia. Sasa ana uwanja na ligi. Chukulia klabu moja ya Kariakoo inunue uwanja wa Taifa, bodi ya ligi na ofisi ya waamuzi, kisha iendelee kucheza. Hata wakicheza kwa haki, nani angekubali penalti yao ya dakika ya mwisho? Penske alilijua hilo, akaacha kazi ya kupanga mikakati ukingoni mwa njia siku za mbio. Na uwanja ameutengeneza na ameufikisha salama ng'ambo ya mwaka wa korona. Namheshimu kwa hilo.

Kisha ikaja 2024. Josef Newgarden, dereva wa Penske, alishinda mbio za ufunguzi St. Petersburg, Florida. Aprili, kwenye mazoezi ya asubuhi huko Long Beach, hitilafu ilizima kitufe cha nguvu za ziada kwenye magari yote isipokuwa matatu ya Penske. Ikabainika kwamba magari hayo yalikuwa na programu iliyowawezesha kukitumia wakati sheria inakataza, yaani mbio zinapoanza na zinapoanzishwa upya. Newgarden na Scott McLaughlin wakafutiwa matokeo, ushindi akapewa Pato O'Ward, na Will Power, ambaye hakukitumia, akakatwa pointi 10. Mei 2025, siku ya kufuzu Indianapolis, magari ya Newgarden na Power yalikutwa yamefanyiwa marekebisho yasiyoruhusiwa kwenye kifaa cha nyuma kinachopunguza nguvu ya mgongano. Walipelekwa mkiani, faini dola 100,000 kila gari. Penske akamfukuza Tim Cindric, aliyekuwa mkuu wa timu yake, pamoja na Ron Ruzewski na Kyle Moyer.

Adhabu zilikuwa kali, hilo silikatai. Lakini aliyezitangaza 2025, Doug Boles, ni rais wa ligi na pia wa uwanja, na mwajiri wake ni kampuni ya Penske. Wapinzani hawakuuliza kama Boles ni mwadilifu. Waliuliza ni mangapi yasiyoonekana. Baadaye ligi ilitangaza kwamba usimamizi wa sheria utahamishiwa chombo huru chenye bodi yake, na Julai 2025 Fox, wanaorusha mbio zote, walinunua theluthi moja ya kampuni inayomiliki ligi na uwanja. Hatua hizo mbili ni muhimu kuliko adhabu yoyote. Ombi la George la 1991 lilikuwa hilohilo la kuwatenga wenye timu na madaraka, na imechukua zaidi ya miaka 30 kulisogelea.

Je, timu zinaweza kuasi tena? Kwa sasa ziende wapi? Septemba 2024 ziligawiwa vibali 25, visivyozidi vitatu kwa timu, vinavyompa mwenye nacho nafasi ya uhakika kwenye mbio zote isipokuwa Indianapolis 500, hadi mwisho wa 2031. Kibali ni mali inayoweza kuuzwa. Mwenye mali hachomi soko. Ndiyo maana ugomvi wa siku hizi unakwenda mahakamani badala ya kuzaa ligi: Julai 2022 Ganassi walipotangaza kwamba dereva wao Álex Palou anabaki, saa chache baadaye yeye akakana na McLaren wakatangaza kumsajili. Ganassi walimshtaki Indiana. Alipobaki nao, McLaren wakamshtaki London. Kesi zote hizo hazikupunguza gari hata moja kwenye mstari wa kuanzia.

Ninaloliogopa mimi ni urithi. Uasi wa 1979 uliiva ndani ya mwaka mmoja na nusu baada ya kifo cha Hulman, kwa sababu mtu mmoja ndiye aliyekuwa amewashikilia wote pamoja na hakuacha chombo cha kuendelea bila yeye. Penske alizaliwa Februari 1937, kwa hiyo vibali vitakapomalizika atakuwa na miaka 94. Kama kufikia hapo bodi huru ya wasimamizi itakuwa imezoeleka na Fox wana sauti ya kweli, mazungumzo ya mkataba mpya yatakuwa ya fedha tu. Kama bado kila kitu kitakuwa kinasimama juu ya heshima ya mtu mmoja, wamiliki wa timu watakaa tena mezani na swali la Gurney la 1978, na safari hii watakuwa na vibali ambavyo muda wake umekwisha.